SOMO: Wahudumu Wangapi Wanatosha katika Makazi ya Wazee?

Saa nane za usiku, mzee asiyeweza kujigeuza kitandani humtegemea mtu mmoja tu: mhudumu wa zamu. Mhudumu huyo asipokuwapo, au akiwapo lakini amechoka, ngozi ya mzee hubanwa upande mmoja hadi ichubuke na kuwa kidonda, ambacho huchukua wiki nyingi kupona na huweza kuhatarisha maisha.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 au zaidi, na inaitaja familia kuwa msingi wa matunzo yake. Makazi ni kimbilio la mwisho. Anayefikishwa huko, mara nyingi, hana ndugu wa kumsemea. Kwa sababu hiyo, ubora wa utumishi katika makazi ni suala la haki.

Hesabu ya zamu

Wiki moja ina saa 168. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida za kazi kwa wiki, pamoja na likizo ya mwaka ya siku 28. Hivyo mtumishi mmoja hutoa wiki 48 za kazi, sawa na saa 2,160 kwa mwaka. Mwaka mzima una saa 8,760. Watumishi wanne hutoa saa 8,640. Zinapungua saa 120, kabla ya kuhesabu ugonjwa, msiba au mafunzo.

Kwa maneno mengine, ili mhudumu mmoja awepo usiku na mchana bila kukoma, hawana budi kuajiriwa watano. Aidha, kumnyanyua mzee kwa usalama huhitaji watu wawili. Makazi yanayotaka wahudumu wawili katika kila zamu yanahitaji watumishi wasiopungua tisa, mbali na mpishi, mlinzi na msimamizi.

Idadi bila usimamizi

Hata hivyo, majina tisa kwenye orodha ya mishahara hayamgeuzi mzee kitandani. Kazi ya msimamizi ni kuhakikisha kwamba idadi hiyo inafika kando ya kitanda. Ratiba ya zamu huandikwa mapema na kubandikwa mahali pa wazi. Anayetoka zamu humkabidhi anayeingia kwa maandishi: nani hakula, nani amegeuzwa na saa ngapi, nani amepewa dawa gani. Pasipo daftari hilo, mzee huweza kupewa dawa mara mbili au asipewe kabisa, na asipatikane wa kuulizwa.

Msimamizi bora hutembelea makazi usiku bila taarifa, huwasikiliza wazee faragha, na huwalinda watumishi dhidi ya zamu zinazofuatana bila mapumziko. Mhudumu aliyechoka huanza kwa kufoka, kisha huishia kupuuza.

Maswali ya kuuliza

Familia, viongozi wa dini na wajumbe wa mabaraza ya wazee wanapotembelea makazi, pamoja na zawadi ya sabuni na unga, wanaweza kupeleka maswali manne:

1. Usiku wa jana walikuwapo wahudumu wangapi, na kwa wazee wangapi?
2. Daftari la makabidhiano liko wapi, na limejazwa lini kwa mara ya mwisho?
3. Mhudumu anapougua, nani hushika zamu yake?
4. Mzee mwenye malalamiko humwendea nani, mbali na mhudumu anayemlalamikia?

Majibu yasiporidhisha, taarifa ifikishwe kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa kata au wa halmashauri. Mzee aliyelala upande mmoja tangu jioni hawezi kuja ofisini kuieleza mwenyewe.