Udongo Uliochimbwa: Je, Wafaa Kurudi Chini ya Nyumba?

Kila ajengaye nyumba huanza kwa kuchimba, na kila achimbaye hubaki na chungu ya udongo kando ya mtaro. Hapo ndipo swali huja: je, udongo huu urudishwe chini ya sakafu, au utupwe na kununuliwa kifusi kingine? Kifusi hugharimu fedha, na kukileta kwa lori hugharimu tena. Lakini sakafu iliyodidimia hugharimu kuliko vyote viwili, kwani mara nyingi haitengenezeki ila kwa kubomolewa. Yafaa basi tujue kuupima udongo kabla ya kuamua.

Kwanza tushike kanuni moja. Kuta husimama juu ya ardhi isiyochimbuliwa. Msingi wa ukuta usijengwe juu ya udongo uliorudishwa. Na fundi akichimba kupita kipimo, pengo lijazwe zege, si udongo. Udongo tunaouzungumza hapa ni ule wa kujazia kando ya msingi na chini ya sakafu.

1. Tenga machungu

Tabaka la juu, ambalo mara nyingi huwa na unene wa sentimita 15 hadi 30, limejaa mizizi na majani yaliyooza. Kwa bustani ni rutuba. Chini ya nyumba ni hasara, kwa sababu mizizi ikioza huacha matundu, na mchwa huifuata. Udongo huo urudi shambani. Chini yake hutokea udongo wa pili, na pengine wa tatu, wenye rangi nyingine. Mwambie mchimbaji atenge kila rangi peke yake. Ukichanganyika, hutajua ni upi uliofaa na upi ulioharibu.

2. Majaribio matatu

(a) Chupa. Tia udongo katika chupa ya kioo hadi theluthi moja, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa sana, kisha iache itulie. Mchanga hutua kwa muda wa dakika moja hivi. Chembe laini kama unga hufuata kwa saa kadhaa. Mfinyanzi hutua siku ya pili au baadaye. Pima kila tabaka kwa rula. Udongo ambao zaidi ya nusu yake ni mchanga na changarawe, wenye mfinyanzi kidogo wa kuushikamanisha, ni mzuri kwa kujazia.

(b) Uzi. Kanda udongo kwa maji kidogo, uuviringishe juu ya ubao mpaka uwe uzi wa unene wa milimita 3. Wenye mchanga mwingi hukatika mapema. Wenye mfinyanzi mwingi hutoa uzi mrefu na mgumu. Jaribio hili latokana na kazi ya Mswidi Albert Atterberg ya mwaka 1911, na maabara za ujenzi hulitumia hata leo.

(c) Sanduku. Tengeneza sanduku la urefu wa sentimita 60, upana 4 na kina 4. Lipake mafuta ndani, lijaze udongo uliolowa, na uliache kivulini mpaka udongo ukauke kabisa. Udongo wa mchanga hupungua kidogo tu. Ukipungua sana, ukapasuka au kupinda, usiuweke chini ya sakafu.

Mfano wa udongo wa namna hiyo ni ule mweusi wa mbuga za Usukuma na wa tambarare za Athi karibu na Nairobi. Madini yake hunywa maji na kuvimba wakati wa masika. Kiangazi hunywea na kufanya nyufa ambazo mkono huingia. Sakafu iliyo juu yake huinuliwa na kushushwa kila mwaka mpaka ivunjike. Ukikuta udongo huo hata chini ya mtaro, usiendelee kabla ya kumwuliza mhandisi.

3. Kuurudisha

Udongo mzuri nao huharibika kwa kurudishwa vibaya. Mita moja ya ujazo ikichimbuliwa huweza kuwa mita 1.25, kwa sababu hewa imeingia. Hewa hiyo isipotolewa kwa gogo la kushindilia, itatolewa na uzito wa nyumba, polepole, chini ya miguu ya wenyewe. Basi mwaga tabaka zisizozidi sentimita 15, shindilia kila moja, ndipo uongeze nyingine.

Maji nayo yawe ya kiasi. Mwaka 1933 mhandisi wa Marekani R. R. Proctor alieleza kwamba kila udongo una kiasi chake cha maji ambacho kwacho hushikana kuliko vingine. Finyanga tonge, uliangushe kutoka kimo cha kifua. Likivunjika vipande vichache, shindilia. Likisambaa kama vumbi, nyunyiza maji. Likibonyea tu bila kuvunjika, ngoja likauke.

Maswali

1. Katika chupa, udongo wote ni sentimita 12 na mchanga ni sentimita 9. Mchanga ni asilimia ngapi?
2. Chumba cha mita 4 kwa 3 chahitaji kujazwa sentimita 45. Ni mita ngapi za ujazo za udongo ulioshindiliwa?
3. Kwa nini tabaka tatu za sentimita 15 hazitatosha kukijaza chumba hicho?
4. Lete shuleni udongo wa kwenu katika chupa. Ungemshauri mzazi wako nini?