Buji na bobini: wakati gari ya koperative inatembea na silinda tatu



Chukudu haina buji. Inashuka kutoka Kibumba na mifuko ya viazi na kabichi, na ikiharibika, mwenyewe anatafuta msumari na kipande cha mti, anatengeneza, anaendelea na safari. Lakini siku hizi koperative kadhaa ziko na gari ndogo ya esansi: Probox, Ist, Noah. Gari hiyo inabeba maziwa, mboga na mbegu, na inafika sokoni mapema. Siku inapoanza kutetemeka na kukosa nguvu kwenye mupando, hakuna msumari wa kuisaidia. Mboga zinanyauka njiani, maziwa yanachacha, na keshia anatoa makuta ya kutengeneza bila kujua kama anatengenezesha kitu chenye kuharibika kweli.

Mara nyingi ugonjwa huo unatoka kwa buji ao kwa bobini. Ni kazi ambayo mwanachama mwenye subira anaweza kufanya nyumbani kwa saa moja hivi. Katika somo hili tutaonyesha namna ya kuijua shida, namna ya kubadilisha, na zaidi ya yote, namna ya kutonunua kitu ambacho hakijaharibika.

Kwanza: gari yenu inatumia nini?

Somo hili ni la motere ya esansi tu. Motere ya mazutu, kama ile ya Fuso ao ya mashini nyingi za kusaga, haiwashi mafuta kwa cheche. Inakaza hewa mpaka inakuwa moto sana, na mazutu inawaka yenyewe. Mafundi wanazungumuzia pia buji za mazutu, lakini zile hazitoi cheche. Zinapasha joto tu wakati wa kuwasha. Musizichanganye.

Buji na bobini zinafanya nini

Betri inatoa volti 12. Hizo ni kidogo sana kwa kurusha cheche. Bobini inazichukua na kuzipandisha mpaka maelfu mengi ya volti. Nguvu hiyo inashuka kwenye buji, inaruka ile nafasi ndogo ya chini, na cheche inawasha esansi ndani ya silinda. Katika magari ya zamani kuna bobini moja yenye kutuma umeme kwa buji zote kwa njia ya nyaya. Katika Probox na Ist, kila buji iko na bobini yake juu yake. Silinda nne, buji nne, bobini nne.

Moja ikikosa, silinda tatu zinavuta mzigo wa nne. Esansi ya ile silinda ya nne haiungui. Inaosha mafuta kwenye kuta za silinda, kisha inatoka na moshi na kwenda kuungua ndani ya katalizeri, na katalizeri ni ghali kuliko buji nyingi. Kwa hiyo tusiseme "itafika tu". Kila safari inaongeza deni.

Dalili

Gari inakawia kuwaka asubuhi. Ikisimama inatetemeka, na sauti yake haiko sawa. Inakosa nguvu kwenye mupando, inakula esansi mingi, na moshi unanuka esansi mbichi. Taa ya motere inawaka kwenye tabulo, ao inawaka na kuzima-zima. Ikizima-zima, punguzeni mwendo na musibebe mzigo: ndiyo alama ya kwamba esansi mbichi inaingia katika katalizeri.

Kama fundi iko na kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, muombe awaandikie namba. P0301 inasema silinda ya kwanza inakosa, P0302 ya pili, na hivyo mpaka P0304. P0300 inasema silinda mbalimbali zinakosa. Katika Probox na Ist, silinda ya kwanza ni ile iliyo upande wa mikanda. Lakini muangalie: namba inasema silinda gani inakosa, haisemi ni kwa sababu gani.

Vyombo

Kle ya 10 kwa boloti za bobini. Kle ya buji ya 16, yenye mpira ao sumaku ndani, pamoja na ralonji ndefu. Kipande cha mpira wa esansi cha urefu wa mkono, chenye kukaza kidogo juu ya buji. Kitambaa safi. Na pampu ya kujazia tairi. Pampu tutaelezea faida yake.

Hatua kwa hatua

1. Motere ipoe kabisa. Kichwa cha motere ni aluminiamu, na nyuzi zake zinaharibika upesi kama munafungua buji ikiwa moto. Wekeni gari mahali pa sawa, tieni jiwe kwenye tairi, ondoeni ufunguo. Tosheni waya wa hasi wa betri. Asivute mtu sigara karibu.

2. Ondoeni kifuniko cha plastiki kama kiko. Bonyezeni kidole cha soketi ya kila bobini na kuvuta soketi yenyewe, si nyaya. Plastiki iliyozeeka inavunjika, taratibu.

3. Fungueni boloti ya 10. Zungusheni bobini kidogo kushoto na kulia, kisha muivute juu wima. Zipangeni juu ya kitambaa kwa mpangilio wake: 1, 2, 3, 4.

4. Sasa pampu. Vumbi yetu ya Goma ni vumbi ya volkano, nyeusi, yenye kukata kama kioo kilichosagwa. Inaingia ndani ya mashimo ya buji na kukaa pale. Mukifungua buji bila kupuliza, inadondoka ndani ya silinda na kukwaruza kuta. Pulizeni kila shimo, na mufunge macho.

5. Fungueni buji moja. Ikikaza sana, musilazimishe. Tieni mafuta ya kulegeza, mungoje, kisha muizungushe mbele na nyuma kidogo kidogo. Ikikataa bado, hapo ndipo kazi ya nyumbani inaisha na ya fundi inaanza. Buji iliyokatikia ndani ya kichwa inagharimu kuliko siku moja ya kungoja.

6. Muangalie buji mpya kabla ya kuitia. Kama porseleni iko na ufa, ao buji ilianguka chini, irudisheni. Nafasi ya cheche kwa motere ya 1.5 ya Probox ni milimita 1.1. Kwenye Denso na NGK nyingi, 11 iliyo mwishoni mwa namba inaonyesha nafasi hiyo hiyo. Buji za iridiamu musizisugue na brashi ya chuma wala kuzipinda, maana ncha yake ni nyembamba sana.

7. Tieni buji kwenye ule mpira, muishushe ndani ya shimo, na muzungushe mpira kwa vidole. Kama nyuzi zimepishana, mpira utateleza wenyewe na nyuzi hazitaharibika. Kle hairuhusiwi mpaka buji imekaa chini kwa mkono.

8. Kisha kazeni na kle. Kwa buji mpya yenye rondeli, nusu ya mzunguko mpaka theluthi mbili inatosha. Mwenye kle ya kupima aweke Nyuton-mita 18. Musitie grisi kwenye nyuzi: inafanya mukaze kupita kiasi bila kujua.

9. Rudisheni bobini, boloti, soketi mpaka zilie "tak", na mwisho waya wa betri. Washeni na musikilize.

Buji ya zamani inazungumuza

Musizitupe buji za zamani mbele ya kuzisoma. Zipangeni 1 mpaka 4.

Rangi ya kahawia hafifu ao kijivu: motere inaungua vizuri.

Masizi makavu meusi: esansi imezidi hewa. Muanzie kwa filtri ya hewa.

Nyeusi yenye mafuta ya motere: mafuta yanaingia ndani ya silinda. Buji mpya itapona wiki chache tu, shida itarudia.

Nyeupe yenye vipele: joto limezidi. Inaweza kuwa buji ya namba isiyofaa, ao esansi kidogo sana inafika.

Mafuta kwenye shimo, juu ya buji: joenti ya kifuniko cha valvu imechoka. Mafuta yanalainisha mpira wa bobini, umeme unatorokea pembeni. Mukinunua bobini bila kubadilisha joenti, mutainunua tena.

Maji pia yanaleta shida hiyo. Gari ikitoka kuoshewa motere na maji ya nguvu, kisha ikaanza kutetemeka, kausheni mashimo mbele ya kununua kitu.

Bobini: badilisha nafasi kabla ya kununua

Hapa ndipo makuta ya koperative yanapotea. Mtu anaambiwa "bobini zimekufa, nunua nne". Pengine ni moja. Pengine hakuna hata moja.

Bobini za kisasa zenye nyaya nne ziko na elektroniki ndani, na kipimo cha kawaida cha omu hakiwezi kuwaambia kama ni nzima. Lakini kuna kipimo kisichoomba makuta. Tuseme silinda ya 2 inakosa. Zimeni gari, chukueni bobini ya 2 muiweke kwa 3, na ya 3 muiweke kwa 2. Washeni. Kama shida imehamia silinda ya 3, bobini ndiyo mgonjwa. Kama imebaki kwa 2, bobini ni nzima. Fanyeni vile vile na buji. Kama bado imebaki, muangalie soketi na nyaya, kisha injekta na mukandamizo wa silinda, na hiyo ni kazi ya fundi.

Hamna kifaa cha kusoma namba? Zimeni gari, tosheni soketi ya bobini moja, washeni kwa sekunde kumi hivi, musikilize. Zimeni, rudisheni, muende kwa ingine. Silinda ambayo kutosha soketi yake hakubadilishi sauti, ndiyo ile isiyofanya kazi. Musirefushe, juu ya ile esansi mbichi. Na musivute kamwe bobini wakati motere inazunguka, wala kushika buji mkononi "kuona cheche". Umeme ule unaweza kumuangusha mtu.

Kwa hiyo kanuni ni hii: buji munanunua nne pamoja, bobini munanunua ile moja iliyoonekana mgonjwa. Katika magari ya zamani yenye nyaya ndefu, kipimo cha omu kinasaidia: kwa Toyota, waya mmoja usipite kiloomu 25.

Kwa nini buji zinachafuka upesi kwetu?

Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na vilima vya Masisi vinapita 2,000. Juu kule hewa ni nyepesi. Gari yenye injekta inajisahihisha yenyewe. Pikipiki yenye kabureta haijui kwamba imepanda: inaendelea kutia esansi ile ile katika hewa iliyopunguka, na buji inajaa masizi. Ndiyo maana motari wa milimani anafungua buji mara nyingi kuliko mwenzake wa pwani. Kwake, filtri safi na kabureta iliyopangwa vizuri ni dawa kuliko buji mpya kila mwezi. Pampu ndogo ya maji ya esansi na jenereta ndogo ziko na shida hiyo hiyo.

Sababu ya pili ni esansi yenyewe. Ile inayouzwa kwa bidoni kando ya barabara, kwa Kadhafi, pengine imechanganywa na petroli ya taa ao na maji. Kama gari ilianza kukosa mara tu kisha kujaza, muanze kushuku esansi.

Sababu ya tatu ni buji za uongo. Sanduku linafanana na la kweli, bei ni nusu. Mulinganishe namba ya buji na ya sanduku, na maandishi ya porseleni: yakifutika na kidole, irudisheni. Musikubali pia "namba ya karibu". Namba ya joto ikibadilika, buji inachafuka ao inaungua.

Kaye ya gari

Buji za kawaida zinapaswa kubadilishwa kati ya kilomita 20,000 na 30,000. Za iridiamu zinaweza kufika 100,000. Lakini nani anakumbuka kama haikuandikwa? Wekeni kaye ndani ya gari: tarehe, kilomita, namba ya buji, silinda gani ilikuwa mgonjwa, nani alifanya kazi. Bobini ya zamani iliyo nzima muiweke kama akiba. Siku dereva anapobadilika, kaye inabaki.

Tunashauri watu wawili wa koperative, si dereva peke yake, wajue kazi hii, na mmoja wao awe mama. Mtu mmoja mwenye kujua peke yake ni hatari sawa na fundi mmoja mwenye kuaminiwa peke yake.

Maswali ya kuzungumuza katika mkutano

1. Mwaka uliopita tulilipa mara ngapi kwa buji na bobini? Nani anaweza kuonyesha risiti?
2. Kabla ya kununua bobini, nani alifanya kipimo cha kubadilisha nafasi?
3. Kle ya buji ya 16 iko wapi sasa hivi, na ufunguo wa sanduku uko kwa nani?
4. Gari ikisimama njiani na mzigo wa maziwa, nani anaitwa kwanza?

Mukiweza kujibu maswali hayo bila kubishana, gari yenu iko katika mikono mizuri. Kama jibu la swali la tatu halijulikani, muanzie hapo.