Somo: Kutu ndani ya Bomba na Msuguano wa Maji
Ndugu Katibu, bomba likiota kutu ndani, msuguano huzidi na pampu hula mafuta ya chama bure.

Mwaka 1933, huko Göttingen, Ujerumani, Johann Nikuradse alichapisha vipimo vyake. Alibandika chembe za mchanga ndani ya mabomba, akapima upungufu wa kanieneo ya maji. Maji yalipokwenda polepole, kwa utulivu, mchanga haukuleta tofauti. Yalipokwenda kasi, chembe kubwa zaidi zilizidisha msuguano.

Nanyi pimeni: wekeni geji mbili katika bomba lililonyooka na kulala sawa. Tofauti yake ikiongezeka mwaka hadi mwaka, ilhali kiasi cha maji kwa dakika ni kile kile, lisafisheni bomba au libadilisheni kabla ya kununua pampu kubwa zaidi.