Safari ya Ngarambe

Katika mwaka 1904, huko Ngarambe, iliyo katika nchi ya Rufiji kama Mbwara, alitokea mtu jina lake Kinjikitile Ngwale, akasema ana maji ya kuzuia risasi za Wadachi. Habari ilienezwa kwa kunong'onezana tu. Watu waliochoka kulimishwa pamba kwa nguvu wakaenda kwa miguu, makundi kwa makundi, kama waendao kuhiji. Wakakuta nyumba iitwayo Kijumba-Nungu, yaani nyumba ya Mungu. Makabila yasiyopatana zamani yalikutana hapo, na jambo hili ni kubwa kuliko dawa yenyewe. Mwezi wa Agosti 1905 Kinjikitile alinyongwa Mohoro. Lakini wasafiri walikuwa wamekwisha rudi makwao na maji yao, na vita vimekwisha anza.