Wosia: Maneno ya Mdomo Hayatoshi



Mzee mmoja wa Jumuiya yetu, ambaye mkewe alikuwa ametangulia, aliugua sana akatuita watu wawili kando ya kitanda chake. Alituambia waziwazi kwamba nyumba yake na kipande cha shamba kinachoizunguka ni vya binti yake wa mwisho, aliyeacha kazi mjini ili amtunze. Tulimjibu, "Tumesikia, Baba." Mungu akamjalia nafuu, akaishi miezi mitano zaidi.

Baada ya mazishi, ndugu za yule binti walikataa maneno yale. Mimi nilikuwa shahidi, lakini ushahidi wangu haukumfaa kitu. Mali yote iligawanywa sawasawa kwa watoto wote, na nyumba ikauzwa. Binti alipata fungu lake kama wengine, lakini hakupata kile ambacho baba yake alikusudia.

Kwa nini? Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, inakubali wosia wa mdomo ukisemwa mbele ya mashahidi wawili au zaidi. Lakini aliyeusema akiishi zaidi ya miezi 3 tangu siku ile, wosia huo hauna nguvu tena. Tulimwombea mzee wetu nafuu. Alipoipata, hakuna aliyefikiria kumpa kalamu.

Jioni moja mke wangu aliniuliza, "Baba watoto, na sisi tunangoja nini?" Sikuwa na jibu. Wengi wetu tunaona kuandika wosia ni kujiitia kifo. Mke akiutaja, watu husema anamtakia mumewe mabaya. Mume akiunyamazia, anadhani analinda amani. Kumbe ugomvi anauahirisha tu, na watakaoupata ni mjane na mayatima. Tuliahidiana altareni kutunzana. Basi ni vizuri utunzaji huo ufike hata siku ambayo mmoja wetu hayupo.

Haya ndiyo mambo tuliyojifunza mimi na mke wangu:

1. Kila mmoja anaweza kuandika. Mtu yeyote mzima mwenye akili timamu anaweza kuandika wosia, mume na mke vilevile. Jadilianeni pamoja, kisha kila mmoja aandike wake juu ya mali yake.

2. Sahihi na mashahidi. Wosia wa maandishi unahitaji sahihi yako au alama yako, na mashahidi wawili au zaidi waliokuona ukitia sahihi, nao watie sahihi zao. Usimchague mrithi kuwa shahidi, kwani anaweza kukosa kile ulichomwachia. Sheria hailazimishi kuwa na wakili. Hata hivyo, mwenye mashamba kadhaa au familia yenye mambo mengi atafanya vyema kumwona.

3. Msimamizi wa wosia. Taja mtu mwaminifu atakayelipa madeni na kugawa mali. Anaweza kuwa mke au mume wako. Mwulize kwanza kama atakubali.

4. Watoto wadogo. Mtoto hawezi kukabidhiwa shamba au fedha kabla ya kutimiza miaka 18. Taja wadhamini wawili watakaoishika mali hiyo kama amana, na useme itumike kwa nini: karo, chakula, matibabu. Mali ya amana si ya mdhamini. Ni ya mtoto, na mdhamini atadaiwa hesabu yake. Taja pia mlezi atakayekaa na watoto ikiwa wazazi wote wawili wataondoka.

5. Wosia wa zamani. Ulioandikwa kabla ya kuoa au kuolewa hufutwa na ndoa yenyewe, isipokuwa kama ulitaja kwamba unaandikwa kwa kuitazamia ndoa hiyo. Tazameni pia fomu zenu za chama cha ushirika. Wako waume ambao mpaka leo wameandika humo jina la kaka, kwa sababu walijaza fomu wakiwa makapera.

6. Haki kwa wote. Wosia si fimbo ya kumchapa mtoto mkaidi. Mke, mume au mtoto aliyeachwa bila riziki ya kutosha anaweza kwenda mahakamani, na mahakama inaweza kumtengea fungu. Na binti ni mtoto kama mwana, hata akiwa ameolewa.

Mkishamaliza, wekeni wosia mahali salama, na msimamizi ajue ulipo. Usomeni upya kila anapozaliwa mtoto au mnaponunua mali.

Katika Injili ya Luka, sura ya 12, mtu mmoja alimwomba Yesu amwamuru ndugu yake agawane naye urithi. Yesu alikataa kuwa mgawanyaji wao, akawaonya juu ya choyo. Kazi ya kugawa ni yetu wazazi, na tuifanye tukiwa na afya.

Maswali ya kuzungumzia nyumbani:
- Je, mwenzako anajua mali na madeni yako yote?
- Mkiondoka wote wawili leo, nani atawalea watoto wenu?
- Ni ahadi gani umeitoa kwa mdomo tu, ambayo yafaa uiandike wiki hii?