Gari Kongwe na Moshi Unaovuja: Namna ya Kuutambua na Kuuzuia

Sehemu kubwa ya gari zinazopita katika barabara za Unguja, ziwe za abiria, za mizigo au za familia, ziliingia kisiwani zikiwa zimekwisha kutumika kwengine, hasa nchini Japani. Gari hizo hututumikia kwa miaka mingi, na si aibu kumiliki gari kongwe. Hata hivyo, ukongwe una masharti yake. Miongoni mwa sehemu zinazochakaa bila ya mwenyewe kutanabahi ni bomba la moshi, ambalo mafundi wetu huliita ekzosi. Linapotoboka, wengi huuchukulia mngurumo wake kuwa ni kero ya masikio tu. Somo la toleo hili linaeleza kwa nini jambo hilo linagusa uhai wa waliomo ndani ya gari, na vipi mkaazi anaweza kuligundua kabla ya kufika gereji.

Hatari iliyomo ndani ya moshi

Petroli au dizeli inapoungua ndani ya injini, hutoka gesi za aina nyingi. Iliyo hatari zaidi ni kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi, isiyo na harufu na isiyowasha macho. Ni gesi ileile inayotoka kwenye jiko la makaa lililowekwa chumbani na milango ikafungwa, na ileile inayotoka kwenye jenereta. Inapovutwa, hushikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Matokeo yake, mtu huendelea kuvuta pumzi kama kawaida, lakini damu yake haipeleki oksijeni ya kutosha kwenye ubongo na moyo.

Dalili zake za mwanzo ni maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu na usingizi usio wa kawaida. Kwa kuwa dalili hizi hufanana na za njaa, jua kali au homa, watu wengi huzidharau. Kuna alama moja ya kupambanua: iwapo kichwa kinauma ukiwa ndani ya gari, kikapoa baada ya kushuka, kisha kikarudi unapopanda tena, shuku ekzosi kwanza. Aidha, abiria zaidi ya mmoja wakilalamika kwa wakati mmoja, hilo si la kusubiri. Watoto wachanga, wajawazito, wazee na wenye maradhi ya moyo hudhurika mapema kuliko wengine.

Gari za dizeli hutoa kaboni monoksidi kidogo kuliko za petroli, lakini hazina usalama. Mwaka 2012, Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani, ambao ni chombo cha Shirika la Afya Duniani, uliuweka moshi wa dizeli katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Kwa nini ekzosi huoza haraka kisiwani kwetu

Ekzosi huliwa na kutu kutoka nje na ndani. Kwa nje, hewa yetu ina chumvi ya bahari, na gari zinazolala karibu na pwani huathirika zaidi. Barabara za ndani zenye mawe na mashimo nazo huligonga bomba na kulegeza viungo vyake.

Kwa ndani, sababu ni maji. Lita moja ya petroli inapoungua hutoa takriban lita moja ya maji katika hali ya mvuke. Gari inapokwenda safari ndefu, bomba hupata moto wa kutosha na mvuke wote hutoka. Gari inayofanya safari fupi za mjini, kwa mfano kutoka Kikwajuni hadi Darajani na kurudi, huzimwa kabla ya bomba kupata moto. Mvuke huo hugeuka maji, hutuama ndani ya sailensa pamoja na asidi za moshi, na kulila bati taratibu. Ndiyo maana gari inayotembea kidogo huweza kuoza ekzosi mapema kuliko inayokwenda Makunduchi kila siku.

Uchunguzi anaoweza kuufanya mwenye gari

Moshi hutoka kwenye injini kupitia manifoldi, ambayo imefungwa kwa boliti na kuzibwa kwa gasketi. Kutoka hapo hupita bomba la mbele, sailensa, na mwisho bomba la nyuma. Uvujaji huweza kutokea popote katika njia hiyo. Fanya uchunguzi mahali penye uwazi, kamwe si ndani ya banda au ua uliofungwa, na usiguse bomba lenye moto, kwani joto lake hufikia nyuzi mia kadhaa.

1. Sikiliza asubuhi. Washa injini ikiwa baridi kabisa na fungua boneti. Mlio wa haraka wa "tik, tik, tik" unaopungua au kupotea baada ya dakika chache huashiria ufa wa manifoldi au gasketi iliyoungua. Chuma kinapopata moto hutanuka na kuuziba ufa kwa muda. Kupotea kwa mlio si kupona kwa gari.

2. Tafuta masizi. Zima injini, iache ipoe, kisha kagua kila kiungo kwa tochi. Mstari mweusi au wa kijivu unaoanzia kwenye kiungo au kwenye boliti ni njia ya moshi.

3. Gonga taratibu. Kwa mpini wa bisibisi, gonga sailensa na mabomba. Chuma kizima hutoa mlio mkavu. Kilichooza hutoa mlio mzito, na pengine vipande vya kutu humwagika.

4. Tumia kipande cha mpira wa maji. Injini ikinguruma taratibu, weka ncha moja sikioni na nyingine ipitishe karibu na viungo vinavyofikiwa kutoka juu, mbali na feni na mikanda. Panapovuja, utasikia mfoko wa hewa waziwazi.

5. Ziba kwa sekunde chache. Injini ikiwa imewashwa sasa hivi na bomba bado halijapata moto, mtu mmoja avae glavu nene na kuziba mdomo wa bomba la nyuma kwa kitambaa kilichokunjwa na kuloweshwa, huku mwengine akisikiliza ubavuni mwa gari. Bomba zima husukuma kitambaa kwa nguvu. Lililotoboka halisukumi sana, na sauti ya "fss" husikika penye tundu.

Ni muhimu kusisitiza: asiingie mtu chini ya gari iliyonyanyuliwa kwa jeki pekee. Tumia stendi za chuma. Mawe ya matumbawe hayafai, kwa kuwa hupasuka ghafla yanapolemewa. Wala asilale mtu chini ya gari huku injini inafanya kazi.

Matengenezo yanayofaa na yasiyofaa

Baada ya kujua mahali panapovuja, matibabu hufuata aina ya ugonjwa.

Iwapo ni gasketi, hubadilishwa kwa mpya. Fundi asafishe nyuso mbili za chuma kwa brashi ya waya, na boliti zilizoshika kutu zilegezwe kwa mafuta maalumu bila ya kulazimishwa, kwani kukatika kwa boliti moja ndani ya injini huzidisha gharama. Boliti zikazwe kidogo kidogo, kuanzia katikati kuelekea pembeni.

Iwapo ni kiungo kilicholegea, huenda kikahitaji klampu mpya tu. Zikaguliwe pia ringi za mpira zinazoning'iniza ekzosi. Zikikatika, bomba hucheza na kupasua viungo vingine.

Iwapo ni tundu dogo na bati lililolizunguka ni zima, kuchomelea kiraka ni kazi nzuri. Kabla ya kuchomelea, waya za betri zitolewe, na tangi na mabomba ya mafuta yakingwe dhidi ya cheche.

Iwapo bati limeoza na linabonyea kwa kidole, kiraka hakitashika. Sehemu hiyo ikatwe na kuwekwa mpya.

Kopo la bati lililofungwa kwa waya, kitambaa, au gundi iliyopakwa juu ya kutu ni mbinu za kukufikisha gereji, si matengenezo. Kadhalika, kukata sailensa na kuunganisha bomba tupu huhamishia kero kwa jirani. Katika gari zenye sensa ya oksijeni, tundu lililo mbele ya sensa huingiza hewa ya nje, kompyuta ya gari hudhani mafuta ni machache, na huongeza petroli pasipo haja. Hivyo mwenye gari hulipia uvujaji kila anapojaza tangi.

Kazi ikimalizika, usiondoke kabla ya kurudia uchunguzi wa kwanza na wa tano mbele ya fundi. Kagua pia mipira ya milango, hasa mlango wa nyuma, na matundu ya sakafu, kwa kuwa ndiyo njia ya moshi kuingilia.

Kwa wenye gari za abiria

Gari inapokwenda, hewa iliyo nyuma yake hujizungusha na kurudi ndani. Kwa hiyo, gari inayotembea na mlango wa nyuma wazi huvuta moshi wake yenyewe, hata kama ekzosi haikutoboka. Jambo hili linazihusu sana gari zenye bodi ya mbao ambazo abiria hupandia nyuma. Mdomo wa bomba ni lazima uvuke bodi na uelekee mbali na ngazi ya kupandia. Wakati wa masika, mapazia yanaposhushwa kuzuia mvua, abiria wa Nungwi au Makunduchi hukaa humo kwa zaidi ya saa moja. Dereva na utingo wasipuuze abiria anayesema kichwa kinamuuma.

Ikiwa mtu amedhurika

Simamisha gari, zima injini, na mtoe mtu kwenye hewa safi. Aliyezimia, aliyechanganyikiwa, mjamzito au mtoto apelekwe hospitali bila ya kuchelewa, kwa gari nyengine, na daktari aelezwe kwamba alikuwa kwenye moshi wa gari. Matibabu yake ni oksijeni. Kumpa dawa ya kichwa na kuendelea na safari ni kumuongezea sumu, kwani gesi hii huchukua saa kadhaa kutoka katika damu.

Wajibu wetu kwa jirani

Mji Mkongwe, uliomo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, ulijengwa kwa ajili ya waenda kwa miguu. Katika njia zake nyembamba zenye kuta ndefu, moshi hauna pa kukimbilia. Hubaki kwenye baraza za nje walipokaa wazee, na huingia madirishani. Tunawaomba wenye gari na pikipiki kuzima injini wanaposubiri mtu au kupakia mizigo, na kutowasha chombo kibovu asubuhi chini ya dirisha la mwenzao.

Mkaazi anayesumbuliwa na chombo kinachovuja moshi aanze kwa kumueleza mwenyewe kwa wema. Lisipopatikana suluhisho, amuone sheha wa shehia yake au diwani wa wadi. Wahenga wamesema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa ekzosi huanza kwa mlio mdogo wa asubuhi. Wiki hii, kila mwenye gari afungue boneti na asikilize.