Dondoo muhimu: Kusaka sarafu za kale Singida

Sarafu ya dhahabu ya rupia 15 iliyogongwa Tabora mwaka 1916, yenye picha ya tembo, ilitengenezwa kwa dhahabu ya Sekenke, Iramba. Ndiyo ndoto ya msakaji yeyote mwenye detekta ya metali mkoani Singida, ingawa anayotarajia zaidi kuokota ni heller ya Mjerumani au senti ya Mwingereza yenye tundu katikati.

Kibali kwanza. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakataza kuchimba kutafuta mabaki ya kale bila leseni, na vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863 vinalindwa. Boma la zamani, kama lile la Kilimatinde, Manyoni, si mahali pa kuchokoachokoa. Hata shambani, mwenyewe aombwe ruhusa na serikali ya kijiji ijulishwe.

Udongo wenye chuma hufanya detekta ilie ovyo, hivyo irekebishwe papo hapo. Baada ya kuchimba, shimo lifukiwe.

Sarafu isisuguliwe kwa mchanga wala ndimu, kwani mchanga na asidi ya ndimu hula maandishi. Isuuzwe kwa maji safi, ikaushwe taratibu kwa kitambaa laini.

Anayeuza ramani ya “rupia za Mjerumani” zinazodaiwa kufukiwa, au anayedai kafara ili zifukuliwe, ni tapeli. Asipewe hata shilingi moja.